Flash Tatu za Mwenye Nyumba Wangu

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wengi wa Nyeri wanaonifahamu hawalijui. Wiki yangu ya pili katika shule niliyopangiwa hapa, karatasi ilikwama ndani ya printa ya ofisi, nami nikaivuta ikatoka. Mkuu wa shule alikuwa amesimama nyuma yangu. Jumatatu iliyofuata nilikabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta, na tangu siku hiyo mimi ni mtaalamu.

Sikuwa na budi kujifunza. Nilisoma vitabu, nikaharibu kompyuta mbili za shule, nikatengeneza moja, na sifa zikavuka ukuta wa shule zikafika mtaani. Watu waliniletea simu zilizoanguka majini. Mama mmoja aliniletea pasi.

Nilikuwa nimepanga nyumba ya vyumba viwili nyuma ya boma la mwalimu mstaafu, nje kidogo ya mji, upande wa Tetu. Alikuwa mjane, amefundisha jiografia miaka mingi, na hakutoka nje bila kofia yake ya sufu hata jua likiwaka. Watoto wake watatu walikuwa watu wazima na kila mmoja alikuwa na mji wake. Binti mkubwa aliishi Nyeri mjini na alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Kijana wa pili alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Sagana. Binti mdogo aliandikwa kazi katika ofisi moja ya serikali Murang'a. Kwa hiyo bomani tulibaki wawili, mimi na mzee, tukitenganishwa na safu za kahawa na bomba moja la maji.

Tuliitana "mwalimu", yeye na mimi, kwa heshima iliyokuwa na ubaridi kidogo. Mimi nimetoka magharibi, na mzee aliamini kwamba watu wa kwetu hawajui thamani ya maji kwa kuwa mvua yetu haikatiki. Karibu kila asubuhi nilisikia sauti yake kutoka kwenye kahawa: "Mwalimu, bomba!" Nami naitikia: "Nimefunga, mwalimu." Kisha natoka polepole kwenda kulifunga.

Aliaga dunia msimu wa mvua ndefu, baada ya kuugua kwa siku chache. Tulimzika vizuri. Watoto wake walisimama upande mmoja wa kaburi kwa ajili ya picha, na picha ilipokwisha kupigwa wakarudi kila mmoja kwenye kona yake ya uwanja. Nilikuwa nimeishi pale muda wa kutosha kujua kwamba dada mkubwa na kaka yake hawakuwa wakisemezana, na kwamba mdogo alisemezana na wote wawili ili aweze kuwaambia wengine walichosema.

Wiki moja baadaye walikutana kupanga nguo za marehemu. Ndani ya kabati, kwenye mkebe wa majani chai, wakakuta flash tatu za kuhifadhia mambo ya kompyuta, zimefungwa pamoja kwa mpira: nyekundu, nyeusi na ya kijani. Watoto watatu, flash tatu. Hakuna aliyeuliza swali zaidi ya hapo. Kila mmoja alichukua yake akaondoka nayo, na nasikia walichagua rangi kwa kufuata umri.

Dada mkubwa alinijia Jumapili moja baada ya ibada, bado amevaa kitambaa chake cha kichwa cha kanisa. Aliitoa flash nyekundu kwenye mkoba kama mtu anayetoa dawa.

"Mwalimu, hii kitu ya baba imekataa kufunguka," alisema. "Nimepeleka kwa watu wa picha wakasema ni video. Mume wa binti yangu akasema ni barua. Wewe si wa hapa, huna upande. Niangalilie."

Sijawahi kusifiwa ugeni wangu kwa namna hiyo. Nikaichomeka. Ndani kulikuwa na faili moja tu, kubwa mno, na ilipofika mikononi mwangu ilikuwa imekwisha kubatizwa mara tatu. Watu wa picha walikuwa wameipa jina la video, mkwe akaipa jina la barua, na mtu mwingine ambaye hakutajwa alikuwa ameongeza mbele neno WOSIA kwa herufi kubwa.

Nilimweleza kwamba jina la nje la faili halibadilishi kilicho ndani, na kwamba aina nyingi za faili zina alama zake mwanzoni kabisa, ambazo haziguswi na wabadilishaji majina. Nilikuwa na programu ya bure inayoonyesha faili ilivyo kwa ndani, nambari na herufi tupu. Nikaifungua. Alama mbili za kwanza zilikuwa 7z.

"Ati nini?" dada akauliza.

"Ni mzigo uliobanwa, dada. Mtu amechukua vitu vingi akavikandamiza pamoja vikawa kitu kimoja, ili visichukue nafasi."

"Basi fungua."

Nikajaribu kuufungua. Kompyuta ikanijibu kwamba mwisho wa mzigo haupo. Nikatazama ukubwa wake na kuona kipimo kilichonyooka, bila mabaki, kama ubao uliokatwa kwa msumeno. Hapo nikaelewa.

"Hii si yote," nilimwambia. "Ni kipande. Mzigo ulikatwa, na hiki ndicho kichwa. Sehemu zilizobaki nadhani ziko kwenye flash za ndugu zako. Bila hizo hakuna kitakachofunguka, hata neno moja."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani anahuzunika. Alipoinua uso, macho yalikuwa yaking'aa.

"Baba," alisema. "Umeona akili ya baba? Alijua hatukai pamoja. Akakata neno lake mara tatu, ili tusilisikie mpaka tuketi meza moja."

Lilikuwa wazo zuri kiasi kwamba mimi mwenyewe nililiamini. Alimweleza mchungaji, na Jumapili iliyofuata mchungaji akalihubiri. Alinyanyua flash nyekundu juu ya mimbari waumini wote waione. Watu walilia. Mtu wa pekee ambaye hakuguswa alikuwa dada mkubwa mwenyewe, aliyepaswa kupiga simu Sagana, kwani aliona kwamba kazi ya kuwaunganisha ndugu zake ingefanywa vizuri zaidi na mpangaji.

Nikaanza na Murang'a. Binti mdogo alinipokea saa ya chakula cha mchana, kwenye benchi nje ya ofisi yake, na akakataa katakata flash ya kijani itoke mkononi mwake. Ilibidi niweke kompyuta mapajani, yeye aichomeke mwenyewe, na kidole chake kibaki juu ya flash wakati wote nikinakili.

"Nani mwingine ameona ya kwake?" aliuliza.

"Dada yako."

"Na ya kwake ni kubwa kuliko yangu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ni kubwa zaidi. Kipande chake hakikuwa na alama yoyote mwanzoni, kilianza kwa fujo tupu ya nambari, na kilikuwa kidogo. Hilo lilinifurahisha kwa sababu lilimaanisha ni cha mwisho: mkataji hukata vipande sawa sawa, na kinachobaki huwa kinabaki tu. Nilimweleza hivyo. Hakuupenda ufafanuzi wangu.

"Mwalimu, kitu ya maana huwa kidogo," alisema. "Hati ya shamba ni karatasi moja. Hiyo yao kubwa ni maneno tu."

Sagana nilikwenda Jumamosi. Duka la kaka lilikuwa karibu na njia panda, mabati na mifuko ya saruji hadi kwenye kibaraza. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi, na alinipa soda kabla sijaeleza kilichonileta. Nilipotaja flash nyeusi, alitazama chini.

"Ile?" alisema. "Iko kwa gari."

Tukaenda nyuma ya duka kwenye pikapu yake. Flash nyeusi ilikuwa imechomekwa kwenye redio. Aliwasha. Ukaanza wimbo wa zamani wa gitaa, wa kikwetu, ambao mama yangu aliucheza jikoni nilipokuwa mtoto.

"Nilijaribu kufungua, ikakataa," alieleza. "Kompyuta ikaniuliza kama nataka kuisafisha. Nikasema, basi, flash ya baba isikae bure. Nikaweka nyimbo mia mbili."

Nilisimama pale na soda yangu. Ningependa kusema nilifikiria huzuni ya familia, lakini nilichofikiria ni kwamba nyimbo zenyewe alikuwa amezichagua vizuri.

Nilirudi Nyeri na flash nyeusi nikajaribu kuokoa kilichookoka. Faili iliyofutwa huwa bado ipo mpaka kitu kingine kikalie nafasi yake, na hapa vitu mia mbili vilikuwa vimekalia. Nilichopata ni kipande chenye mashimo, mzee akianzia hapa, gitaa likianzia pale. Nikaviunganisha vitatu kwa mfuatano wake, cha kichwa, cha mashimo, cha mkia. Kompyuta ilinionyesha orodha ya majina ya vilivyomo, kwa sababu orodha ilikuwa imehifadhiwa mkiani, kwenye kipande cha yule wa Murang'a, lakini nilipojaribu kufungua kimojawapo, ikakataa. Majina yenyewe yalikuwa nambari tu, moja hadi arobaini na moja. Zilikuwa video.

Kulisema hilo la orodha kulikuwa kosa langu. Dada mkubwa aliwaita ndugu zake bomani, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi wote watatu waliketi kwenye sebule ya baba yao. Neno la mchungaji lilikuwa limetimia, ila hakuna aliyelikumbuka kwa furaha.

"Ulifuta makusudi," dada mkubwa alimwambia kaka yake. "Uliona jina lako halimo."

"Ningeonaje na ilikataa kufunguka?"

"Kipande ya katikati ndio ilikuwa na mambo ya shamba," binti mdogo aliingilia. "Mwanzo ni salamu, mwisho ni maombi. Kila mtu anajua barua inaandikwa hivyo."

Nikajaribu kueleza kwamba mzigo uliobanwa haukatwi kwa mpangilio wa barua, kwamba msumeno haujui salamu wala shamba. Walininyamazisha wote watatu kwa pamoja, na nadhani hilo ndilo jambo la kwanza waliloafikiana mwaka huo. Dada mkubwa aliita nyimbo zile za gitaa uchafu. Kaka akasema angalau yeye aliitumia flash ya baba kuliko aliyeitembeza kanisani kama sahani ya sadaka. Mdogo akaanza kulia, kisha akaacha ili asikie atakachojibiwa kaka.

Kaka alikuwa ameinama, akifuta saruji isiyokuwepo magotini. Kisha akasema taratibu: "Baba hakujua kompyuta. Mtu alimfanyia hii kitu. Siku za soko alikuwa anaenda Chaka."

"Kununua viazi," dada akasema.

"Alikuwa anarudi bila viazi."

Sikuwa nimefikiria hilo, mimi mtaalamu. Mwezi mzima nilikuwa nikichunguza vichwa na mikia ya faili, na sikuwahi kuuliza nani aliyekata. Nikamwuliza kaka kwa nini baba aende mpaka Chaka na saiba, vile vyumba vya kompyuta za kulipia, zimejaa Nyeri mjini. Alicheka kidogo.

"Mwalimu, kila mtu mwenye saiba Nyeri alifundishwa na baba. Angeomba msaada kwa mtu aliyempiga viboko kwa sababu ya ramani?"

Tulikwenda wawili siku ya soko iliyofuata, mimi na kaka, kwa pikapu. Nilikuwa nimemrudishia flash yake, kwa kuwa haikuwa na faida tena, na nyimbo zilituimbia mpaka Chaka. Tuliegesha mbali na soko tukaanza kuuliza. Saiba ya kwanza hawakumjua. Ya pili ilikuwa imegeuzwa kinyozi. Ya tatu ilikuwa chumba chembamba nyuma ya duka la mbegu, na mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo aliyefunga leso kiunoni, akipiga fomu za watu chapa huku akila njugu.

Nilianza kueleza habari ya mzee mstaafu, mrefu, wa upande wa Tetu.

"Mwenye kofia ya sufu?" aliuliza. "Huyo mzee amepotea wapi? Nina vitu vyake."

Kaka alinigeukia. Nikasema mimi: "Alifariki."

Mwanamke aliacha njugu. Alitupa pole, akamtazama kaka vizuri usoni, akasema, "Wewe ni mtoto wake. Umechukua pua." Kisha akavuta kiti, akashika kipanya, na mbele ya macho yetu akafungua folda yenye jina MZEE KOFIA. Ndani yake zilikuwamo zote arobaini na moja, nzima, hazijabanwa wala kukatwa. Na kando yake vipande vitatu, moja, mbili, tatu, vimeandikwa nambari zake vizuri kabisa.

"Mimi sifuti kazi ya mtu," alisema. "Wengine hurudi."

Nikamwuliza kuhusu kukata. Alieleza bila kufikiri, maana kwake halikuwa jambo la kufikiria. Mzee alikuwa akirekodi video kwa simu yake, simu ikajaa, akawa anazileta pale kila siku ya soko ziondolewe. Mwishowe akataka zote kwenye flash moja kubwa. Flash kubwa hazikuwapo siku hiyo. Mzee akatoa mfukoni tatu ndogo alizopewa bure kwenye maonyesho ya kilimo, akasema tumia hizi kwa sasa. Video hazikuenea, hivyo yeye mwanamke akazibana na kuzikata.

"Alisema ni za watoto wake watatu?" nikauliza. "Moja kwa kila mmoja?"

"Hapana." Alinitazama kama nimeuliza swali la ajabu. "Alisema nikipata kubwa nimpigie simu, abadilishe. Ilipokuja nilimpigia. Simu haikuingia."

Aliifungua droo akaitoa, flash kubwa, bado kwenye kasha lake la plastiki. Kaka aliishika, akaigeuza geuza, kisha akatoka nje akasimama kando ya magunia ya mbegu mpaka tulipomaliza kunakili.

Njiani kurudi hakuwasha redio. Nilikuwa nikiwaza jinsi nitakavyomwambia dada mkubwa.

Nilimwambia Jumamosi hiyo, mlangoni, kabla wengine hawajaingia. Nilijitahidi kuwa mpole. Nilisema flash zilikuwa tatu kwa sababu mfukoni zilikuwa tatu. Kama mzee angepewa mbili kwenye maonyesho, zingekuwa mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akarekebisha kitambaa chake.

"Mwalimu," alisema, "mwanamke wa saiba anajua nini kuhusu baba yangu?"

Akaingia ndani kumkaribisha mchungaji.

Tuliunganisha kompyuta yangu na televisheni ya marehemu. Walikuwapo watoto watatu, mchungaji, na mimi kwenye kiti cha karibu na waya. Dada mkubwa aliomba, kwa kirefu. Nikabonyeza video ya kwanza.

Ilianza na kidole, kisha anga, kisha mzee mwenyewe, amesimama kati ya safu mbili za kahawa na kofia yake, simu ikiwa imeegemezwa juu ya nguzo ya ua, imelala upande kiasi kwamba kahawa yote ilionekana kuteremka mlimani. Alikohoa. Akasema kwa sauti ile ya darasani kwamba leo wataanza na shina. Kisha akatoa mkasi wa kupogolea mfukoni na kwa dakika kumi na nne akaeleza shina.

Ya pili ilikuwa matawi ya pembeni. Ya tatu, machipukizi, yapi ya kuacha na yapi ya kutoa. Ya nne aliirudia ya tatu kwa sababu, alisema, nyuso zenu zinaonyesha hamkuelewa. Mchungaji aliitikia "amina" mara mbili, halafu akaona afadhali anyamaze.

Waliendelea kungoja shamba. Niliona kila video ilipoanza wakisogea mbele kidogo, na kila mkasi ulipotokea wakirudi nyuma. Kwenye video ya kumi na mbili, mzee alifuta uso kwa kofia, akatazama moja kwa moja kwenye simu.

"Najua mnangoja mambo ya shamba," alisema. "Shamba niliwagawia mbele ya wakili, nyinyi watatu mkiwa mmekaa. Hakuna kitu imebadilika. Sasa tazameni hapa, hii inaitwa kutu ya majani."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Binti mdogo aliomba maji.

Kwenye ya kumi na tisa alikuwa akieleza umwagiliaji. Alisimama ghafla katikati ya sentensi, akageuza kichwa kama anayesikiliza, akaita kwa nguvu: "Mwalimu, bomba!" Na kutoka mbali, nje ya picha, ikasikika sauti yangu mwenyewe ikisema nimefunga. Mzee akarudi kwenye simu. "Huyu mpangaji ni mtu mzuri," alisema, "lakini ni mwongo."

Kwanza alicheka kaka. Kisha mdogo, maji yakimtoka puani. Dada mkubwa alijizuia, akaweka mkono mdomoni, mabega yakatikisika, na mwishowe akacheka mpaka kitambaa kikateleza. Walinicheka wote watatu kwa muda mrefu, wakishikana mikono kwenye kochi la baba yao, na kila walipokaribia kunyamaza mmoja alisema "bomba" wakaanza upya. Nilikuwa nimezunguka Murang'a, Sagana na Chaka kwa ajili yao. Nilicheka pia. Lakini nilipokwenda jikoni kuchemsha chai, ndipo nilipomlilia mzee, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata mazishini.

Hawakutazama zote siku ile. Walifika ya ishirini na tatu, wakachoka, wakala, wakaagana vizuri kiasi. Mchungaji alihubiri tena, safari hii juu ya mti unaopogolewa, na ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Habari ya neno lililokatwa mara tatu bado inasimuliwa kanisani hapo, na watu wakinionyesha kwa kidole huongeza kwamba mimi ndiye niliyelifungua. Sijaisahihisha. Nilijaribu mara moja.

Dada mkubwa na kaka yake hawakuwa marafiki kwa sababu ya zile video. Wanasalimiana sasa, nadhani kwa sababu wote wawili walisikia baba yao akisema "nyuso zenu", kana kwamba bado wanaketi dawati moja. Mdogo aliniomba nimtafutie ile sehemu ya wakili peke yake, dakika moja na nusu, akaihifadhi kwenye simu.

Kahawa iliachwa mwaka mzima ikawa kichaka. Kisha Jumamosi moja nikasikia pikapu ikiegeshwa, na kaka akaonekana kati ya safu na mkasi wa baba yake, simu ameiegemeza juu ya nguzo. Alikuwa anasimamisha video, anakata, anairudisha nyuma, anatazama, anakuna kichwa. Alikuja tena Jumamosi iliyofuata. Jirani alisimama kwenye ua akamwuliza kama anapogoa au analipiza kisasi. Yeye akairudisha video nyuma.

Wiki moja hakuweza kuja mapema akanipigia simu kutoka Sagana. "Mwalimu, uko na zile video hapo? Angalia ya kumi na saba. Baba anasema hapa unaacha mawili, halafu anatoa moja. Anatoa la kulia ama la kushoto? Mkono wake umefunika."

Nikaiangalia. Ni kweli, mkono ulikuwa umefunika. Nikairudisha nyuma mara nyingi, nikaipunguza kasi, nikaikuza picha mpaka ikawa miraba mitupu. Alipofika jioni nilimwambia kwamba haionekani na haitaonekana kamwe. Tukatembea pamoja mpaka kwenye mti. Machipukizi mawili yalikuwa yamesimama sawasawa kwenye shina, mabichi, yenye afya, hayana tofauti hata ndogo.

"Wewe ni mwalimu wa kemia," alisema. Alikuwa mtu wa kwanza kulikumbuka hilo kwa miaka. "Unaonaje?"

"Sijui," nikamwambia.

Alingoja kidogo, labda aone kama nitabadilisha jibu. Kisha akainama, tukakata la kushoto.